Masuali ya Wasomaji: Muziki wa Filamu za Mapigano ya Kuchekesha

SUALI: Assalaam alaykum, Mheshimiwa Mhariri. Mimi ni mpigaji wa dumbaki katika kikundi cha taarab hapa Chake Chake. Vijana wa mtaani kwetu wanatengeneza filamu fupi ya mapigano ya kuchekesha, na wameniomba mimi na wenzangu wa fidla, udi na kanuni tuwatilie muziki. Mwongozaji wao anataka muziki uchekeshe tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hoja kwamba filamu yenyewe ni ya kuchekesha. Mimi naona mapigano yapigiwe muziki wa mapigano, na kichekesho kijitafutie njia yake. Nani kati yetu mwenye haki?
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Haki kubwa iko upande wako. Kichekesho cha mapigano humtaka mtu anayejiona shujaa kisha akaanguka, na ili anguko lake lichekeshe ni lazima kwanza mtazamaji amsadiki. Muziki ndio unaomsadikisha. Ukianza kumcheka tangu anapokaza mkanda, mtazamaji anakuwa ameshaambiwa mwisho wa habari, na anguko likija halimshughulishi tena.

Itazameni pamoja Kung Fu Hustle, filamu ya Stephen Chow ya mwaka 2004. Sehemu kubwa ya muziki wake ilitungwa na Raymond Wong, ambaye hakuandika muziki wa mzaha, bali alifuata mfano wa muziki wa asili ya Kichina uliokuwa ukipigwa katika filamu za mapanga za miaka ya 1940, na ukapigwa na Hong Kong Chinese Orchestra, okestra ya ala za Kichina iliyoanzishwa mwaka 1977. Genge la majambazi wenye mashoka lina muziki wake wa vitisho, na mtaa wa mafukara wanaouvamia una wake, ambao ni mahadhi ya wavuvi wa Bahari ya Mashariki ya China. Kwa sehemu kubwa ala hizo hazimdokezi mtazamaji kwamba sasa acheke. Mwanamke mwenye nyumba za mtaa huo, aliyetoka na nguo ya kulalia na sigara mdomoni, anachekesha kwa sababu muziki unampigia kama jemadari.

La msingi zaidi, na hili wewe mpigaji wa dumbaki utalielewa kuliko mwongozaji, ni pigo. Wengi wa waigizaji wa Hong Kong hawakujifunzia mapigano ulingoni, bali katika opera ya Peking. Jackie Chan na Sammo Hung walilelewa katika chuo cha opera cha mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong, na Yuen Wah na Yuen Qiu, waliocheza mume na mke wenye nyumba katika filamu niliyoitaja, ni wanafunzi wa mwalimu huyohuyo. Katika opera ile anayeshika ngoma ndogo na vibao vya kugonganisha ndiye kiongozi wa wapigaji wote: humtazama mchezaji, na mchezaji anaporuka, akatua na kuganda, upatu na matoazi hulia pamoja naye. Ndiyo maana mapigano ya filamu zile yana pigo hata ukizima sauti. Nasi hatuko mbali na jambo hilo, kwani katika kirumbizi fimbo hugongana kwa kufuata ngoma, na asiyeisikiliza ngoma huchapwa.

Basi waombeni vijana wawape picha kabla hazijakatwa kwa mara ya mwisho. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde; mkipiga mapigo 120 kwa dakika, kila pigo litaangukia baada ya picha 12, au 15 ikiwa wanarikodi kwa simu inayopiga picha 30 kwa sekunde, na mhariri wa filamu anaweza kuisogeza ngumi picha moja au mbili ili ikutane nanyi. Msiipe kila ngumi pigo lake, kwa sababu muziki unaomfuata mchezaji hatua kwa hatua huigeuza filamu kuwa katuni. Chagueni matatu au manne katika kila pambano, mengine yapite. Dumbaki yako, kwa sauti yake ya juu, itagombana na mlio wa kofi utakaotiwa baadaye, kwa hiyo hapo ziache fidla na kanuni zishike mahadhi, wewe urudi panapobaki nafasi. Na kabla ya kichekesho chenyewe, nyamazeni nyote. Ukimya wa sekunde moja, unaoikata bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa taarab, iliyokuwa ikienda kwa heshima zake, huchekesha kuliko zumari iliyopotoshwa sauti kwa makusudi.

Mwongozaji naye apewe lake. Katika mbio za kukimbizana, ambako hakuna ushujaa wa kulinda, muziki unaweza kupayuka upendavyo. Chow mwenyewe aliingiza katika filamu yake vipande vya Zigeunerweisen, tungo ya fidla ya Pablo de Sarasate, na vya Ngoma ya Mapanga ya Aram Khachaturian, na hakuna atakayesema kwamba hizo ni tungo za upole.

SUALI: Katika Kung Fu Hustle wamo wauaji wawili wanaopiga ala ya nyuzi, na kila wakigusa uzi hutoka makali yanayokata. Je, huo nao ni muziki wa filamu au ni sehemu ya hadithi?
Msomaji, Mlandege, Unguja

JIBU: Ni vyote viwili. Kwa kawaida muziki wa filamu husikiwa na mtazamaji peke yake, ilhali hapa wahusika wanausikia na unawaua. Ala yenyewe, inayolazwa na kudonolewa kwa vidole, ni ya jamii moja na kanuni. Mtunzi hubanwa pande mbili, kwani kila sauti haina budi kufuata vidole vinavyoonekana, na wakati huohuo ibebe hofu ya tukio zima. Kinachowashinda wauaji hao ni ukelele wa yule mwanamke mwenye nyumba, sauti isiyo na mahadhi wala pigo, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa kimuziki kuliko wa kimapigano.

SUALI: Tunaruhusiwa kuchukua mtandaoni kipande cha Sarasate na kukitia katika filamu yetu, maadamu mtunzi ameshafariki zamani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Sarasate alifariki mwaka 1908, na utunzi wake hauna tena wa kuudai. Rikodi mliyoipata mtandaoni ni jambo jengine, kwa sababu walioipiga na walioirikodi wana haki zao. Khachaturian alifariki mwaka 1978, na tungo zake bado zinalindwa katika nchi nyingi. Hapa Zanzibar waulizeni COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na muulize kabla ya kuionesha filamu. Ikiwa mnaye mpigaji fidla, mpeni noti za Sarasate arikodi mwenyewe kwa makubaliano ya maandishi. Akishindwa na sehemu ya kasi, ambayo huwashinda wengi, ile ya mwanzo ya polepole itafaa kwa mtu anayejiuguza vipigo.