Re: Nyanya haoni vizuri, naweza ingia naye kumsaidia kupiga kura?
Unaweza bro, hapa Kenya ni haki yake kuingia na mtu anayemwamini, bora tu uwe umefikisha miaka 18 na usiwe kandideti ama ajenti. Watakupea Fomu 32 uapishwe utaweka siri, na ukishamsaidia yeye basi, huwezi rudi tena na jirani. Angekuja pekee yake, msimamizi wa kituo ndiye angemwekea alama maajenti wakiangalia, na hapo siri iko wapi sasa? Karatasi ni sita, rais mpaka MCA (mwakilishi wa wadi), kwa hivyo msomee majina polepole, mimi na mamangu tulikawia hadi watu wakaanza kunung'unika huko nje. Asisahau kitambulisho alichojiandikisha nacho. Saa kumi na moja jioni ikiwapata kwa laini bado atapiga, msikubali kufukuzwa.