Mpeni tuzo anayechelewesha pilau

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kukiwa na tuzo moja tu ya utumishi uliotukuka katika Sacco zetu, yaani vyama vya akiba na mikopo, apewe nani? Wengi watamtaja mwenyekiti. Mimi nasema apewe mjumbe wa kamati ya usimamizi, yule tunayemchagua mwisho kabisa, watu washaanza kutazama saa.

Kazi yake ni kuwakagua viongozi kwa niaba yetu: afungue vitabu, ahesabu pesa zilizoko ofisini, alinganishe daftari na taarifa ya benki. Hapitishi mkopo wa mtu, kwa hivyo hakuna anayembembeleza. Na akiifanya kazi hiyo sawasawa, hapendwi.

Sacco yetu ndogo hapa Mombasa, wengi wetu wafanyabiashara wa soko la Kongowea, ina bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Katika mkutano mkuu mmoja, pilau ishaiva nje na harufu yajaa ukumbini, yeye kasimama na taarifa ya benki, kalamu nyekundu mkononi, auliza makusanyo ya Ijumaa yalilala wapi hadi Alhamisi iliyofuata. Watu wakaguna. Kijana mmoja akasema, "Bi Mwalimu, tusomewe gawio twende zetu." Akamjibu bila kugeuka: "Gawio la pesa ipi, mwanangu? Hizi mie sijaziona." Mweka hazina akajieleza weee, mara mtandao wa benki, mara foleni. Bibi akamwacha amalize, kisha akauliza lile lile. Pilau tuliila imepoa, lakini tangu hapo makusanyo hupelekwa benki siku hiyo hiyo.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, Siku ya Ushirika, vikombe hutolewa na Sacco zilizolipa gawio zuri hupigiwa makofi. Sina ugomvi na gawio, nami nalila. Ila gawio nono laweza kulipwa kwa pesa za kukopa, na aliyekaa ukumbini hatajua mpaka mtu aulize. Tumeyaona ya KUSCCO, muungano uliowekewa akiba na Sacco nyingi: mapema 2025 ikaripotiwa kwamba ukaguzi wa PwC, kampuni ya wakaguzi wa hesabu, umekuta shilingi bilioni 13.3 zimepotea. Hiyo ni akiba ya watu, wengine walikatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Raiffeisen, aliyeanzisha vyama vya mikopo vya wakulima Ujerumani karne ya 19, alitaka viongozi watumike bila mshahara, alipwe mtunza hesabu tu. Kwetu posho za vikao zimekuwa ndiyo kampeni yenyewe.

Wamarekani wana tuzo ya Herb Wegner, jina la mtu aliyeongoza muungano wao wa kitaifa wa vyama vya mikopo miaka ya 1970. Yetu isibebe jina la kiongozi yeyote. Wala mshindi asipendekezwe na bodi, maana ndiyo anayoikagua. Wanachama wapige kura ya siri. Na hundi ya zawadi isipitie kwa mweka hazina.

Msomaji, Mombasa