Simu imesema ni Wareno

Swali la wiki hii: je, simu na intaneti zinawasaidia vijana kusoma, au zinawapumbaza? Mimi ni mkutubi hapa Lamu, mwaka wa kumi na saba sasa, na jibu langu hutegemea umeniuliza siku gani.

Juzi aliingia msichana wa kidato cha tatu na kazi ya historia: nani alijenga Ngome ya Lamu? Alikuwa keshajibu. Simu yake, kioo kimepasuka kikabandikwa plasta ya jeraha, ilikuwa imemwambia ni Wareno. Nikamuuliza, "Nani kasema?" Akanitazama kama niliyeuliza nani kasema bahari ina chumvi. "Si simu, Bi."

Na ngome yenyewe ni hatua chache tu kutoka mlangoni petu! Nikamtuma Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, kwa wazee. Baada ya nusu saa akarudi, mkononi ana kipande cha halua waliyompa, na Wareno keshawaacha huko huko. "Wamesema Wareno ni wa Mvita. Hii yetu ilikuwa jela." Kweli: Fort Jesus ya Mvita, yaani Mombasa, ndiyo waliyoianza Wareno mwaka 1593. Yetu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, enzi za Seyyid Said wa Oman, na hadi 1984 ilikuwa gereza. Miaka hiyo wazee hawakuwa nayo, tuliitafuta kitabuni. Kisha akairudia simu, akauliza upya, Oman na tarehe zimo ndani ya swali, nayo ikamjibu sawasawa. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa, maana mwenye nusu ya jibu ndiye anayesaidiwa, na asiye na kitu huondoka na Wareno wake.

Kinachonishangaza zaidi, watoto hawa wamepita chuo cha Kurani. Wanajua hadithi ya Mtume haipokelewi bila sanad, fulani kapokea kwa fulani. Jioni wanazitaja sanad kwa moyo, asubuhi wananinakilia ukurasa mzima usio na mwenyewe.

Lakini siilaani simu. Tulikuwa na kibao cha "Simu marufuku" nikakiondoa kwa mkono wangu, kwa sababu vijana walikuwa wakikaa nje kwenye ngazi kuivuta waifai yetu dirishani. Heri waingie. (Wengine huja kuchaji tu, nawajua.) Na zile hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, zilizopigwa picha kwa mradi wa British Library, mimi katika usichana wangu nisingethubutu hata kuzisogelea. Mwezi uliopita kijana mmoja, mtoto wa nahodha, alikaa pale kwenye kona akiuvuta ukurasa kwa vidole viwili hadi herufi moja ikajaa kioo kizima. Akaisoma. Akasogeza, akasoma nyingine, midomo ikicheza. Bando lilipomwishia alikuja kuniomba nywila huku macho bado yako kwenye simu. Rafuni kwangu sina kitabu kilichowahi kumkalisha hivyo.

Yule msichana alipita jana kunionyesha daftari. Chini ya jibu lake alikuwa ameandika: "Nimeambiwa na wazee wa Mkunguni, nikahakikisha kitabuni." Jibu limepata alama zote. Mstari ule wa chini mwalimu ameukata kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: haukuulizwa.

Mkutubi, Lamu