Ukifika Zermatt anza na raclette, fondue itasubiri

Wageni wengi wakifika Zermatt kule Uswisi wanawaza fondue tu, ile jibini la kuyeyusha chunguni mnachovya mkate, mimi kila ninayempeleka namwambia agiza raclette kwanza. Zermatt iko jimbo la Valais na raclette ndiyo chakula chao cha asili hasa, jibini linakatwa nusu, linasogezwa kwenye moto mpaka uso uyeyuke, mpishi anakwangua ile iliyoyeyuka inamwagikia kwenye sahani yako, unakula na viazi vya kuchemsha, vitango vya siki na vitunguu vya siki. Basi. Sehemu nyingi unalipia kila sahani, ukishiba unaacha.

Fondue nayo tamu ila ujue unakula nini. Jibini lake linayeyushwa ndani ya divai nyeupe na mara nyingi wanatia kirsch, pombe kali ya cheri, kwahiyo kama hugusi pombe usikubali maneno ya eti ikichemka inaisha yote, muulize mhudumu mapema kama wanaweza kupika bila divai, wengine wanakubali wengine hawataki hata kusikia. Halafu mara nyingi hawapiki ya mtu mmoja, tafuta mwenzio. Mkifika chini ya chungu kuna jibini limegandia na kuwa gumu, hilo gombanieni kama ukoko wa wali, msiache lirudi jikoni jamani!

Na rösti, vile viazi vya kukwaruza vinavyokaangwa, ulizia kabla, wanapenda sana kuchanganya na nyama ya nguruwe.

Wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo msiogope sana, jibini lililokaa miezi mingi kama Gruyère halina laktosi (sukari ya maziwa) ya kusumbua, mimi maziwa fresh siyawezi kabisa lakini hili nakula nalala vizuri.

Hela sasa. Nenda mchana uulize chakula cha siku, bei inakuwa nafuu kuliko usiku, ila usichelewe maana kwenye saa nane jikoni wengi wanafunga mpaka jioni. Huduma imo kwenye bei, bakshishi ni hiari yako. Mei na Novemba migahawa mingi imefungwa, msimu umekata, so pigeni simu kwanza. Na kama mna gari mnaliacha Täsch, kijiji cha jirani, maana Zermatt hairuhusu magari ya kawaida, mnapanda treni kama dakika 12 hivi.