Muulize Mwalimu: Nimepangiwa Newala, je huko kuna maji?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, mzaliwa wa Moshi vijijini. Nimepangiwa shule ya msingi kwenye kijiji kimoja wilayani Newala. Jina la kijiji nimekuandikia pembeni, naomba usilitoe. Kila ninayemuuliza ananiambia mambo mawili tu: korosho na shida ya maji. Kwetu mfereji unapita nyuma ya jiko. Niambie kijiji chenyewe kikoje, nijiandae vipi. (Mwalimu mpya, Moshi)

Jibu: Marahaba mwanangu. Kijiji chako nakijua. Nimefundisha huko kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ambako Newala ipo, miaka ishirini na sita kabla sijastaafu, mitatu kati ya hiyo kwenye kijiji cha jirani, na hapo kwenu tulikuwa tunakuja kwa mguu kucheza netiboli. Tulikuwa tunafungwa, lakini tunalishwa vizuri.

Watu wakisikia hakuna maji wanafikiria jangwa. Wewe ukifika Januari utakuta kijani kila upande, mikorosho imeshikana matawi juu ya njia mpaka mchana unakuwa kama jioni. Mvua inanyesha vizuri, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tatizo ni udongo. Ni mchanga mwekundu uliokwenda chini sana, tone likidondoka linazama hapo hapo. Hakuna mto, hakuna kijito, hata dimbwi la bata halikai. Maji yanakuja kutokeza huko chini mabondeni, miguuni mwa uwanda, wakati watu wako juu. Mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala mwaka 1906, na hata yeye lilimshangaza jambo hilo, kwamba watu wamejenga mbali na maji kwa hiari yao. Wazee walionipokea mimi walikuwa na jibu fupi: kule chini walikuwa wanapita Wangoni na wateka watumwa, huku juu kulikuwa na kichaka ambacho mgeni hapenyi.

Nilifika Julai 1981. Bomba lilikuwepo katikati ya kijiji, kavu, watoto wanalipanda kama punda. Mama mwenye nyumba alinipa ndoo moja. Asubuhi nikanawa uso, nikasukutua, nikamwaga maji uani kama tulivyozoea kwetu Tanga. Yule mama alitoka jikoni akautazama mchanga unavyoyanywa, akasema taratibu, "Mwalimu, hayo yalikuwa bado yana kazi mbili." Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo, ya pili kumwagilia miche ya mipapai. Sikupata mahali pa kuuficha uso.

Wiki iliyofuata nikaomba kwenda nao bondeni. Tulitoka jogoo la pili, wanawake tisa na vibatari viwili. Kushuka si kazi. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kunakokujulisha wewe ni nani: mchanga unarudi nyuma kila hatua, na juu ya ndoo mnaweka majani ili maji yasiruke. Nilifika nyumbani saa nne, ndoo ikiwa nusu. Wenzangu walikuwa wamejaza, tena mmoja ana mtoto mgongoni.

Siku hizi mambo si yale. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, wakaja Wafini miaka ya 1970 na visima na mabomba yao Mtwara na Lindi nzima, na serikali imekuwa ikiukarabati kwa vipande. Lakini ni maji ya kusukumwa na pampu kutoka bondeni hadi juu. Umeme ukikatika au pampu ikigoma, kijiji kizima kinajua ndani ya siku mbili. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujauliza kodi ya nyumba: uliza kisima.

Kisima cha huko si cha kuchimba ukakuta maji. Ni shimo lililochimbwa uani, tumbo pana shingo nyembamba, likasakafiwa kwa saruji, likafunikwa kwa mfuniko wa chuma wenye kufuli. Bati la nyumba limefungwa gata, gata inaingia kwenye bomba, bomba linaingia shimoni. Mvua ya masika unaila mpaka Oktoba. Nyumba ya nyasi haina kisima, ndiyo maana mtu akipata hela ya korosho anaanza na bati. Mgeni anadhani ni fahari. Bati huko ndilo mto wao. Mimi nilijenga cha kwangu mwaka 1990, fundi akachanganya saruji ya kubania. Masika ilikijaza hadi shingoni, ilipofika Juni nikafungua mfuniko nikaona sakafu.

Jambo jingine utakalojifunza: mvua ya kwanza usiikinge. Bomba linageuzwa, maji yanaachwa yaoshe bati, kwa sababu ya salfa. Kuanzia Juni hivi mikorosho inapotoa maua inapulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Mashine inabebwa mgongoni, inaunguruma alfajiri kabla upepo haujaamka, na vumbi la manjano linatua juu ya kila kitu: majani, mapaa, nguo ulizoanua kwa kuchelewa. Darasa langu lote lilikuwa linanuka kiberiti. Ubebe na sweta, miezi hiyo ukungu unaingia hadi ofisini na baridi yake hata Mchaga ataiheshimu.

Msimu (huko ukisema "msimu" ni wa korosho, hakuna mwingine) unaanza kuchangamka Septemba na Oktoba. Korosho haichumwi, inaokotwa ikishaanguka na bibo lake, yaani lile tunda lake, na mwokotaji mwenye mgongo mwepesi ni mtoto. Mahudhurio yako yatashuka. Usigombe kwa jumla. Mimi nilipata nafuu nilipokwenda shambani kwa mzazi mmoja mmoja saa kumi na mbili asubuhi, nikaokota naye nusu saa, halafu ndiyo nikamwomba mtoto. Desemba kuna jando na unyago. Kaa na makungwi mapema wajue tarehe za shule, maana ukiwaona adui wasichana wako wa darasa la sita hutawarudisha Januari.

Korosho zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara mwaka 2007. Kwenye mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na msimu wa namna hiyo kijiji unakisikia kabla hujakiona: pikipiki mpya, spika, harusi tatu kwa Jumamosi moja. Kisha Februari inafika na baba yule yule anakuja kukukopa elfu kumi. Hapo ndipo kangomba inapoingia, yaani mtu kuuza korosho ambazo hazijaanguka bado, kwa kupima na bakuli badala ya mizani. Wapo watumishi wanaonunua. Usiwe mmoja wao. Ni kosa kisheria, na tena huwezi kumfundisha mtoto hesabu huku unampunja baba yake.

Njia: ukitoka Dar es Salaam unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unapita Lindi, na hapo Mnazi Mmoja ya huko Lindi barabara inagawanyika. Panda kupitia Masasi. Ile ya Mtwara, Tandahimba hadi Newala na Masasi ni kilomita 210. Lami ilitangulia kwenye 50 za mwanzo hadi Mnivata, na 160 zilizobaki walikabidhiwa makandarasi, kwa hiyo uliza hali yake kabla ya kupanda basi. Siku ukipata nafasi nenda Shimo la Mungu pale Newala, ukingo ambapo uwanda unakatika ghafla. Unaliona bonde lote la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Na ule ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na chumvi. Unamenya kwa meno, usiombe kisu.

Swali: Babu yangu alizaliwa karibu na Kitangari. Nimerudi kuliangalia shamba, nimekuta mikorosho mikubwa katikati ya pori, saa nzima kutoka kijijini, hakuna nyumba hata moja. Kwa nini apande mbali hivyo? (Mjukuu, Temeke)

Jibu: Babu yako hakupanda mbali. Aliishi hapo hapo, chini ya miti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa kandokando ya barabara, na upande wa Ruvuma kulikuwa na sababu ya ziada, vita ya Mreno na wapigania uhuru wa FRELIMO ng'ambo, Msumbiji. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Bei mbovu na ubwiriunga vilichangia, lakini miti mingi ilikosa tu mtu wa kuipalilia, kichaka kikaimeza. Ilichukua hadi msimu wa 2017/18 kuvuka tani 300,000.

Hayo unayoyaona ni mahame, makazi yaliyoachwa. Tafuta vipande vya vyungu na kinu kilichooza, utajua uwanja ulikuwa wapi. Makaburi hayatakuwa mbali, kwa hiyo usikate kitu kabla ya kwenda na mzee. Na mzee mwenyewe awe wa upande wa mama wa babu yako, ukoo wa Kimakonde unafuata huko. Kuna mashamba yamegombaniwa miaka kumi na mbili kwa sababu mjukuu alianza na baba mdogo badala ya mjomba.

Swali: Mwalimu, hivi ni kweli watu wa huko wanasema "Ntwara" badala ya "Mtwara"? (Mtani wako, Songea)

Jibu: Kweli kabisa, na "ntoto", na "nkono", tena kwa raha zao. Nilikuwa nakata alama kwenye imla mpaka siku moja binti wa darasa la tatu aliponiletea daftari lake mbele. Nikamwambia, "Soma nilivyosahihisha." Akasoma, "Ntoto." Nikamwambia, "Sasa soma ulivyoandika wewe." Akasoma, "Ntoto." Akanitazama. "Mwalimu, sasa kosa liko wapi?"