Dawa ya mzio na mdomo mkavu

Umeuliza kama dawa ya mzio inakausha mdomo kwa sababu histamini (kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, na ambayo dawa hiyo huizuia) ndiyo inayotoa mate. Si hivyo hasa. Bosi wa mate ni asetilikolini, kemikali inayomwagwa na neva kwenye tezi za mate. Inashika kipokezi (protini inayopokea ujumbe) kiitwacho M3 juu ya seli, na hapo kazi inaanza: ndani ya seli inatengenezwa IP3, molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe, ambayo inafungua ghala la kalsiamu. Kalsiamu ikipanda, milango ya kloridi upande wa kifereji cha kupitishia mate inafunguka, kloridi inatoka, sodiamu inaifuata, na maji nayo yanafuata chumvi, mengi yakipitia protini iitwayo akwaporini 5. Ndiyo mate hayo.

Histamini ina nafasi yake, maana seli za tezi iliyo chini ya taya zina kipokezi cha histamini kiitwacho H1, nacho pia hupandisha kalsiamu kwa njia hiyohiyo. Ila ni msaidizi tu.

Sasa dawa za zamani, kama klorofeniramini na difenihidramini, hazichagui vizuri. Zinaziba H1, halafu zinaziba na M3 (jina "kizuia histamini" linaficha nusu ya habari). Neva inaita, seli haisikii. Loratadini na setirizini haziishiki sana M3, kwa hiyo ukavu huwa mdogo. Kama unakusumbua, mwulize mfamasia kuhusu kubadilisha, na usisahau meno: mate yakipungua, meno yanaoza haraka.