Umealikwa mkutano wa washona viraka Mtwara na humjui mtu? Nenda

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho. Unashona mashuka ya viraka peke yako huko Newala, cherehani yako ni ya kukanyaga, mzee nyumbani anaona unachezea muda, na sasa umepata mwaliko wa siku mbili wa washona viraka Mtwara mjini. Unauliza ubebe nini, utaongea na nani, kama nauli italipa, na mtoto utamwacha wapi. Mimi ni fundi Lindi mjini. Mchana nashona sare za shule na magauni ya harusi, viraka ni vya usiku watoto wakishalala. Mikutano ya namna hiyo naifahamu, ya Mtwara na midogo ya huku kwetu. Nenda, mdogo wangu.

Nauli haitarudi kwa kuuza, nakwambia mapema usije ukanilaumu. Utakaowakuta ni mafundi kama wewe. Wanajua bei ya kitenge, na wanajua hayo mabaki umeyaokota chini ya meza yako. Watakusifia, watapapasa, watarudisha. Kama shida yako ni kuuza, subiri minada ya korosho ianze, Oktoba kwenda mbele, watu wa huko kwenu wakiwa na hela mkononi.

Tuje kwenye mzigo. Wengi watakushauri ubebe shuka lako zuri kuliko yote, ulipige pasi, ulitandaze watu waone. Libebe, sikatai. Ila cha muhimu ni kubeba kazi ambayo haijaisha, sindano ikiwa bado imechomekwa humo humo, na ukae nayo mapajani tangu unafika. Mtu akiona shuka lililokwisha anasema hongera, anapita. Hana la kuongeza. Akiona umekwama kwenye kona anavuta kiti. Kuna mama mmoja wa Kilwa Kivinje, mpole, hata kujitambulisha mbele alikataa. Alijikalia pembeni dirishani anahangaika na pindo lililokuwa linamvutika. Kufika mchana alikuwa amezungukwa na watu, kila mmoja ana dawa yake ya pindo, na wawili kati yao hawakubaliani kabisa. Huyo mama ndiye aliyeondoka na namba nyingi za simu kuliko sisi wote wasemaji.

Faida nyingine ya kazi ya mkononi: umeme ukikatika, na ulikatika, wenye cherehani za umeme walibaki wanajipepea. Sisi wa bandi, mshono wa sindano ya mkono, tuliendelea.

Kazi isiyoisha huzaa ubishi pia, na ubishi wa mafundi ni mtamu, usiuogope. Siku moja dada wa Mikindani alikuwa anaunganisha kanga kuukuu, amekata katikati ya jina, maneno yamelala ubavu, nusu iko huku na nusu kule. Bibi mmoja wa Ruangwa akamwambia hiyo ni kumkata ulimi aliyekupa kanga. Dada akajibu aliyempa ni yeye mwenyewe, kanunua sokoni kwa hela yake. Ukumbi mzima ukaingia. Mwishowe wengi tulielekea kwenye njia ya bibi: mji wa kanga ukate utakavyo, jina liache zima, lishone kuwa pindo la shuka. Mimi nafanya hivyo hadi leo, kwanza linapendeza, pili mgeni akilala ana cha kusoma. Yule dada hakubadilika. Na shuka lake, lazima niseme, lilikuwa zuri kuliko yangu.

Umesema unaona aibu kwa sababu waliokualika unawajua kwa simu tu. Wenzetu Marekani ndivyo walivyoanza. Wana mkutano wao mkubwa unaitwa QuiltCon, unaandaliwa na chama cha Modern Quilt Guild. Chama kilianzia Los Angeles mwaka 2009, kwa watu waliokuwa wakioneshana kazi zao mtandaoni kisha wakataka kuketi meza moja. Mkutano wa kwanza wakaufanya Austin, Texas, Februari 2013. Mtindo wanaoupenda ni vitambaa vya rangi moja iliyokoza bila maua, maumbo machache, sehemu kubwa imeachwa wazi bila kiraka, na mara nyingine wanakata kwa jicho tu bila rula. Picha zao tulioneshwa ukutani kwenye mkutano mmoja. Kuna waliozishangaa, kuna walionong'ona kwamba mtu kashindwa kumalizia.

Zilizowanyamazisha watu ni picha za Gee's Bend, kijiji cha Alabama. Wanawake wa pale ni uzao wa watumwa wa mashamba ya pamba, na mashuka yao waliyashona kwa nguo za kazi zilizochakaa: suruali za jinzi zilizopauka magotini, mashati, magunia. Mwaka 2002 yakatundikwa jumba la makumbusho la Whitney, New York, kama michoro ya wasanii. Bibi wa Ruangwa alisimama akasogea hadi ukutani, akasema hilo la kaki na buluu ni la mama yake, tofauti ni kwamba la mama yake lililaliwa na watoto saba mpaka likaisha. Nadhani hapo ndipo wengi tulipoacha kuona viraka ni aibu ya umaskini.

Halafu tukaoneshwa Wasidi wa Karnataka, India. Hao asili yao Afrika, wengi mababu zao walivushwa bahari kutoka pande zetu hizi za mashariki. Shuka lao linaitwa kawandi, na ushonaji wake unatufaa sana sisi tusio na meza kubwa. Unatandika kitambaa cha mgongo, wao hutumia sari kuukuu. Unaanzia kwenye kona, unakunja ukingo, unaweka kiraka, unapiga bandi. Kiraka kinachofuata kinapanda kidogo juu ya mwenzake, na bandi yako inazunguka ukingo wote, kisha inarudi tena ndani zaidi, raundi kwa raundi, mpaka unakutana katikati. Kushona viraka na kuviunganisha na kitambaa cha mgongo ni kazi moja, hakuna fremu wala mashine. Kwenye kona nne wanaweka vitambaa vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua. Nimelishona moja la mtoto kwa namna hiyo, na mabaki ya vitenge yalivyo magumu yanakaa vizuri sana. Ukitaka kulianza kabla ya mkutano, hiyo ndiyo kazi ya kubeba mapajani.

Kuna mambo ya kiufundi uyaweke sawa kabla hujafika, maana pale watu hubadilishana vipande ili kila mmoja ashone shuka lenye mikono ya wengi. Washona viraka wa kisasa huacha robo inchi ya mshono. Sisi wa magauni tumezoea nusu inchi, tunawaza mteja akinenepa. Kipande kinachokatwa inchi 12 na nusu, ukishona kwa robo kila upande kinabaki inchi 12 kamili. Ukishona kwa nusu kinabaki 11 na nusu. Panga vipande sita kwa mstari, mstari wako unapungua wa mwenzako kwa inchi tatu nzima, na hakuna pasi ya kuvuta hizo. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani yako, robo inchi kutoka kwenye sindano, nguo iteleze hapo.

Rangi nayo. Usimpe mtu kiraka ambacho hujakifua. Loweka, kamua, kibane na kitambaa cheupe uone. Kitenge chekundu cha bei nafuu kinaweza kuharibu kazi ya watu kumi. Na usihangaike kutafuta ile pamba nene ambayo ughaibuni huiweka katikati ya viraka na kitambaa cha mgongo, kwa joto la Lindi mtu ataitupa usiku wa kwanza. Shuka kuukuu au flana inatosha. Nyie wa juu huko Newala, Juni na Julai, labda muongeze tabaka.

Kuongea na watu sasa. Salimia wakubwa kwanza, meza nzima, usiruke mtu kwenda kwa unayemjua kwenye simu. Swali la kufungulia ni kitambaa umekipata wapi, hakuna fundi asiyelijibu kwa dakika kumi. La bei libane mpaka mzoeane. Picha omba ruhusa, hasa kwa kazi ambayo haijaisha, kuna watu walikuta mtindo wao umeshatangulia mtandaoni wakati wao wako kwenye pindo. Wale wa QuiltCon hubadilishana vibeji vya kifuani kama ukumbusho. Sisi tunabadilishana kiraka cha inchi tano kwa tano, umeandika jina na namba kwa kalamu isiyofutika. Kata vingi. Karatasi inapotea, kiraka fundi hatupi.

Baada ya mkutano litaundwa kundi la WhatsApp, na baada ya muda litajaa matangazo ya mikopo na dua za Ijumaa. Sina ubaya na dua. Lakini kundi lisilo na kazi linakufa. Letu watu wachache tulilinusuru kwa shuka la kuzunguka: mmoja anaanza kipande cha kati, anakituma kwa basi, anayepokea anaongeza ukanda mmoja kuzunguka na kukituma mbele. Lindi kwenda Mtwara, Mtwara kwenda Masasi, Masasi kwenda Nachingwea, kinarudi kwa mwenyewe kimekuwa shuka. Andika jina na namba kwenye kitambaa chenyewe, siyo kwenye mfuko tu, na mpigie mpokeaji basi likiondoka. Kuna moja lilikaa stendi hadi panya wakalianza. Tuliweka viraka.

Mtoto mbebe. Wa kunyonya hana usumbufu pale, atapita mikononi mwa bibi zake wote mpaka jioni. Pini na mikasi tu ndiyo uweke juu. Na beba ming'oko ya kuchemsha ya kutosha, chakula cha ukumbini huchelewa.